Ngama kavu mpaka Mei: jinsi ya kulaza boti ya tanga nchi kavu msimu wa baridi

Oktoba ikiingia tu simu yangu inaanza kulia na maswali ni yale yale. Boti iko juu ya stendi, sasa maji yanatoka wapi tena? Niache pampu oni? Nimwage antifrizi galoni ngapi nilale usingizi? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niandike mara moja, mtu akiuliza namtumia hii.

Mimi niko Maine, upande wa Portland, boti zetu zinaelea ghuba ya Casco na nyingi zinatolewa majini Oktoba, zinarudi Mei. Hapo katikati boti imekaa nchi kavu zaidi ya nusu mwaka, na usiku wa Januari kushuka mpaka nyuzi -10 au -15 za Selsiasi si ajabu. Kama uko Chicago, Toronto au Sweden habari ni hiyo hiyo. Uingereza ya kusini baridi si kali hivyo ila mvua haina likizo, kwa hivyo soma tu.

Waliokulia pwani neno ngama wanalijua, ni pale chini kabisa juu ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, ambapo maji yote ya chombo yanakwenda kukusanyika, huku yadi tunasema bilji. Mimi nimekulia Lamu na kwenye jahazi la mbao kufua maji ni kazi ya kila siku, mbao inavuja kidogo hata ikiwa imepigwa kalafati vizuri na hakuna anayeshtuka, unashika upo, kile chombo cha kutekea maji, unafua. Mazoea hayo ukija nayo huku yanakuponza. Boti ya faibaglasi ikiwa juu ya stendi haina bahari ya kuivujia, maji yatakayojaza ngama yako Desemba yanatoka juu: mvua, theluji inayoyeyuka, na unyevu wa hewa. Kwa hivyo kazi ni mbili tu, ya juu uyazuie yasiingie, na yatakayoingia (kitu kitaingia tu) yakute tundu la kutokea chini bila kutegemea umeme. Pampu usiiweke kwenye hesabu kabisa.

Machi moja nilipanda ngazi ya boti ya futi 30 ambayo haikufunguliwa tangu vuli. Nikasukuma mlango, mbao za sakafu zimeinuka zimegandia kwenye barafu, barafu yenyewe rangi ya chai ya rangi, na ndani yake unaona kopo la maharage na tochi kama viko kwenye kioo. Stata ya injini ilikuwa chini ya hiyo barafu. Tulipotafuta chanzo tukakuta tundu la kutolea maji kwenye kokpiti, pale unapokaa ukishika usukani, limezibwa na majani ya mwaloni yaliyolala flati kama yamebandikwa. Hapo pampu ilikuwepo na bateri ilikuwepo. Piga hesabu mwenyewe: mvua ya milimita 50, ambayo dhoruba moja ya huku inaweza kuileta kwa siku, ikiangukia kokpiti ya mita 2 za mraba ni lita 100. Na maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, yakiwa yamebanwa yanapasua pampu, valvu, mpira, hata faibaglasi.

Kabla hujaanza uwe na hivi

- Vakyumu ya kunyonya maji, sponji mbili kubwa, ndoo mbili, matambara makavu
- Pedi za kunyonya mafuta, zile nyeupe zinazokamata mafuta na kuacha maji
- Sabuni ya kuondoa grisi inayooza yenyewe, brashi ya mkono mrefu, waya mwembamba unaopindika
- Antifrizi ya propilini glikoli, galoni 2 mpaka 4 zinatosha boti nyingi za futi 25 hadi 35
- Spana ya kizibo cha chini, kipande cha wavu wa chuma kisichoshika kutu
- Turubai zuri na mbao au mabomba ya kutengenezea kiunzi chake
- Tochi ya kichwani, feni ndogo, teipu, mkebe wa poda ya mtoto (utaona kazi yake)
- Siku mbili ambazo hazijafika kuganda. Hii ndiyo watu wanaikosa, wanasubiri mpaka Novemba katikati halafu wanaosha ngama kwa maji yanayoganda mkononi.

ONYO kabla ya yote: kama injini yako ni ya petroli, au una jiko la gesi, nusa ngama kwanza. Mvuke wa petroli na gesi ya kupikia ni mzito kuliko hewa, vinashuka vinalala hapo chini. Ukisikia harufu fungua kila kitu, ondoka, acha hewa ipite. Usiwashe vakyumu, usiwashe swichi yoyote, cheche moja inatosha.

Hatua kwa hatua

1. Ongea na watu wa yadi siku boti inatolewa. Waambie unataka omo (mbele) iwe juu kidogo kuliko tezi (nyuma) ili maji ya sitaha na ya kokpiti yakimbilie matundu ya nyuma. Kama matundu yako yako mbele ya kokpiti basi kinyume chake, iangalie boti yako wewe. Mwaga kikombe cha maji kokpiti uone yanaelekea wapi. Yakisimama katikati wapigie wairekebishe wao. Stendi usiguse wewe mwenyewe hata nusu inchi, boti ya tani 5 ikidondoka hakuna anayeishika.

2. Fungua kizibo cha chini. Boti zingine zina kizibo cha shaba nyeusi (bronzi) sehemu ya chini kabisa ya bodi, ukikifungua kwa nje ngama inajimwaga yenyewe. Kama unacho umebarikiwa. Weka ndoo kwanza ndipo ufungue, maji yale yana mafuta na mafuta hayaruhusiwi kumwagwa chini wala majini, na Marekani kuyamwaga majini ni kosa la sheria ya serikali kuu. Acha wazi msimu wote, weka kipande cha wavu panya asipande. Watu wengine wanaziba panya kwa pamba ya chuma ya kusugulia sufuria, inashika kutu wiki mbili na kuchafua bodi, tumia ya shaba.

Halafu kizibo chenyewe usikiweke droo wala mfukoni. Kifunge na kamba kwenye ufunguo wa injini au kwenye usukani, na kikaratasi KIZIBO KIKO NJE. Fanya sasa hivi, kabla hujaendelea hatua ya 3.

Huna kizibo? Boti nyingi za tanga hazina. Angalia kama una kile kigurudumu cha kupimia spidi kinachotoka kwa ndani, ukikivuta kinaacha tundu kwenye bodi na maji yatapita hapo, ila mara nyingi si pahali pa chini kabisa kwa hivyo yatabaki kidogo chini yake. Unaweza pia kuwaambia mafundi wakufungie kizibo, cha bronzi, si shaba ya njano ya duka la mabomba ambayo maji ya chumvi yanaila zinki yake inabaki kama biskuti. Usitoboe mwenyewe bila kujua mkuku wako umejengwaje. Kuna ambao uzito wake umefunikwa ndani ya faibaglasi, ukitoboa vibaya unafungulia maji njia ya kuingia kwenye uzito na huko hayatoki tena.

3. Osha. Inua mbao zote za sakafu, zote, usinambie hii moja imekaza. Weka pedi ya mafuta ikae usiku kucha, kesho yake toa, mwaga maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua, nyonya, suuza, nyonya tena. Kama umetumia klorini usichanganye na kisafishio chenye amonia, moshi wake ni sumu na pale chini umeinamisha kichwa.

Hapa usiruke matundu madogo yaliyo kwenye vigawanyo vya ndani, yale yanayopitisha maji kutoka chumba hadi chumba mpaka yafike ngamani. Yanaziba na nywele, vipande vya mbao, lebo za makopo zilizolowa. Pitisha ule waya kila tundu, kisha mwaga kikombe cha maji omo kabisa uone kama yanafika chini. Wazee wanasema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na maji ya boti yanafanya hivyo hivyo kama njia iko wazi. Ikiwa imeziba yanakaa nyuma ya kabati na kuganda huko, na wewe unaangalia ngama kavu unafurahi.

4. Kausha mpaka mkono utoke mkavu. Vakyumu, halafu sponji, halafu tambara, halafu feni masaa 24. Lile bakuli la chini ambapo pampu imekaa vakyumu haifiki, toa pampu kwenye kikombe chake ukaushe chini yake. Rudi baada ya siku 2 uangalie tena, huwa kuna maji ya kuchelewa yanateremka polepole.

5. Valvu na mipira. Boti ikiwa nchi kavu valvu zote za bodi ziwe wazi. Valvu yenye tufe la chuma ndani ikifungwa inashika maji kidogo ndani ya tumbo lake na hayo yanaipasua, kwa hivyo fungua, funga, fungua tena mara tatu nne. Toa maji tangi la kunywa, hita ya maji, choo, bomba la kuogea, yaani kila kitu, kwa sababu bomba likipasuka Januari maji yake yote yanaishia ngamani. Sanduku la barafu pia, mengi yanamwagia moja kwa moja kwenye ngama.

6. Mlingoti. Ndugu yangu, kama mlingoti wako unapita sitaha na kusimama juu ya mkuku, hii ndiyo hatua yako kubwa kuliko zote. Mlingoti ni bomba. Mvua inaingia kwa juu pale henza, kamba za kupandishia tanga, zinapotokea, inashuka kwa ndani na kumwagika ngamani, hata ukifunga sitaha kama sanduku. Njia nzuri kabisa ni kuushusha wakati boti inatolewa halafu kuziba lile tundu la sitaha kwa ubao na plastiki, iwe na mwinuko maji yasisimame. Kama pesa haitoshi na unabaki umesimama, hakikisha tundu dogo la chini ya mlingoti halijaziba ili maji yasijae ndani na kuganda, mlingoti wa aluminiamu unapasuka kwa urefu. Tena ujue maji hayo yatafika ngamani, kwa hivyo kizibo wazi ni lazima, si hiari. Ile sketi ya mpira inayozunguka mlingoti kwenye sitaha ikiwa imepasuka badilisha, teipu inashika mpaka baridi ya kwanza tu.

7. Sitaha. Mwaga maji ya mpira wa bustani kwa mpangilio, sehemu moja dakika 10, mtu yuko ndani na tochi. Angalia chini ya vyuma vya uzio, vyuma vinavyoshika waya za mlingoti, madirisha, kisanduku cha nanga. Safisha matundu ya kokpiti na la kisanduku cha nanga, halafu rudi kuyasafisha tena majani yote yakishaanguka, maana ukisafisha Oktoba mapema mwaloni bado haujamwaga yake.

8. Turubai. Mwinuko uwe mkali theluji iteleze, bonde lolote litakuwa bwawa. Pembe zote za chuma zifunge na zulia kuukuu lisichanike. Acha uwazi mbele na nyuma hewa ipite, na kama umefunika na ile plastiki inayobanwa kwa joto dai matundu ya hewa.

ONYO: kamba ya turubai usiifunge kwenye stendi. Kamwe. Upepo unashika turubai, turubai inavuta kamba, kamba inang'oa stendi, boti inaanguka na mara nyingi inaangukia ya jirani. Pitisha kamba chini ya tumbo la boti upande hadi upande, au ning'iniza chupa za maji zenye antifrizi kama uzito.

9. Hewa. Mito na matandiko yapeleke nyumbani. Milango ya makabati wazi, mbao za sakafu ziegemeze zikae wazi hivyo hivyo msimu mzima. Yale makopo ya kalsiamu kloraidi yanasaidia kidogo ila yanajaa maji, yaweke ndani ya ndoo, nimeshakuta limepinduka na maji yake ya chumvi kali yametiririka mpaka kwenye boliti za mkuku. Hita ya umeme au ya gesi usiache ndani ukaenda zako, na jiko la makaa usiingize hata dakika moja, ile hewa yake inaua bila harufu.

10. Antifrizi, kidogo. Hapa ndipo swali la galoni ngapi. Kama kizibo kiko wazi, kumwaga antifrizi ngamani ni kumwaga pesa chini. Kazi yake ni kule ambako huwezi kukausha: ndani ya pampu na mpira wake, kwenye mtego wa maji wa choo, na bakuli la chini kama huna tundu. Mwaga lita 2 kwenye bakuli, washa pampu mpaka itoe pinki upande wa pili (shika kwa ndoo), zima. Ukimwaga juu ya maji yaliyobaki unaizimua na namba iliyoandikwa kwenye chupa inakuwa haina maana tena, ndiyo sababu ya kukausha kwanza. Na soma lebo, iwe propilini glikoli. Ile ya magari ya ethilini glikoli ni sumu, ni tamu na mbwa wa yadi wanailamba.

11. Zima pampu. Najua roho inakataa. Lakini angalia mlolongo wake: maji yanaganda, kielea kinachoiwasha pampu kinashikwa na barafu kikiwa juu, pampu inazunguka bure mpaka iungue au imalize bateri, na bateri ya asidi iliyokwisha chaji inaweza kuganda kwenye nyuzi -7 hivi wakati iliyojaa inavumilia baridi kali mno. Unapoteza pampu na bateri kwa usiku mmoja. Chaji bateri, chomoa nyaya au bateri zenyewe zipeleke nyumbani.

12. Nenda kaangalie. Mara moja baada ya mvua kubwa ya kwanza kabla ya kuganda, halafu baada ya kila dhoruba, na lazima ile wiki ya Januari au Februari joto linapopanda ghafla theluji ikayeyuka yote. Dakika 15 tu. Ngazi ifunge juu na kamba, mtu ajue uko yadi. Peleka mkono ngamani, usiangalie kwa macho peke yake, barafu safi gizani haionekani.

Ukikuta maji licha ya yote

*Maji masafi, yanakuja baada ya mvua.* Ni ya juu. Kausha, halafu nyunyiza poda ya mtoto mistari kwenye kuta za ndani na kuzunguka ngama, mvua ijayo maji yatachora njia yake kwenye poda na utaifuata kinyumenyume mpaka kwenye boliti yenyewe. Usihukumu kwa pale unapoyaona, mvujo wa omo unaonekana tezi.

*Yanaongezeka na mvua haijanyesha.* Tangi au hita ya maji ulisahau kumwaga, kuna kitu kimepasuka. Ikiwa ni pinki, antifrizi inatoka kwenye kiungo au pampu fulani, tafuta sasa, Mei itakuwa ni mvujo wa kweli.

*Matone kila mahali, dari, kuta, hakuna njia.* Hiyo ni pumzi ya hewa tu, umefunga sana. Fungua uwazi wa turubai.

*Tayari imeganda.* Usichukue nyundo wala patasi, faibaglasi ya hapo ni ghali kuliko muda wako. Usiwashe pampu kujaribu. Fungua kizibo, kama barafu imeziba pasha kutoka nje kwa mashine ya kukaushia nywele, ndani mwaga maji ya uvuguvugu kidogo kidogo ukinyonya yanayoyeyuka. Itachukua siku nzima. Ikiisha kagua kikombe cha pampu, vichwa vya valvu na mipira kwa nyufa kabla hujaviamini tena.

*Mstari wa maji au kutu kwenye kiungio cha mkuku na bodi, kwa nje, siku ambazo ni kavu.* Maji yamekaa ndani ya kiungio na sasa yanatoka. Piga picha, weka alama na chaki, muite fundi kabla ya kupaka rangi ya masika. Ukipaka juu yake umeficha tu.

Mei, kabla ya kushuka

Kizibo kitoe kwenye ufunguo, safisha nyuzi zake, paka sili (gundi ya kuzibia maji) ya baharini, kaza, na mtu wa pili ahakikishe kwa mkono wake. Kigurudumu cha spidi kirudishe na mpira wake upakwe grisi. Valvu zote funga. Halafu boti ikishaguswa na maji lakini bado iko kwenye mikanda ya kreni, waombe wasubiri. Shuka ndani na tochi, inua ubao wa katikati, weka kiganja ngamani, hesabu dakika 5, angalia kila valvu na pale shafti ya rafadha inapotokea. Wa kreni watakuharakisha maana wana boti 8 nyuma yako. Wasubiri, toka ukiwa na mkono mkavu ndipo uwaambie waachie mikanda.